Sahani Iliyopigwa Mstari

Siku Odanise alipotoka kliniki na dawa ya mumewe, alirudi kambi ya miwa akitamba. Mumewe, Saintilus, alikuwa akikohoa tangu Krismasi hata panga likamshinda.

"Jamani, safari hii hawakutufukuza!" aliwaambia majirani.

Nesi hakujua Kikrioli, lugha ya kwao Odanise, hata cha salamu, na Odanise, tangu avuke mpaka kutoka Haiti, Kihispania chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Basi nesi akampa karatasi ya picha, akaigonga gonga kwa kidole, akaita mgonjwa mwingine. Jua linachomoza, kidonge kimoja. Mwezi, kidonge kimoja. Chini yake sahani, na uma, na mstari mwekundu umepita juu yake.

Mwingine angebabaika. Odanise wala! Kwao milimani, mganga wa majani hatoi dawa bila mwiko. Huyu asile parachichi, yule asiguse samaki, na dawa ikizidi ukali, mwiko nao unazidi. Mama yake aliwahi kukatazwa kila kitu isipokuwa chai, na akapona. Hapa sasa imekatazwa sahani nzima. Kumbe wazungu nao wana dawa kali hivi! Mpaka vidonge viishe, Saintilus asitie chakula mdomoni.

"Hata wali wa maharage?" Saintilus aliuliza.

"Hata harufu yake."

"Basi niue kabisa, mwanamke, nijue moja."

Wakacheka. Siku ile bado walikuwa na nguvu za kucheka.

Akawa anampa maji, na chai ya majani ya mstafeli. Yeye mwenyewe alikula kwa jirani, kwa aibu, kisha akaacha hata kupika. Kikohozi kikapungua kweli, na hilo ndilo lililomponza maskini, maana aliona dawa inafanya kazi. Siku zikapita, Saintilus akaisha mwili. Jirani alipopita na shelisheli la kuchoma, mgonjwa alinyoosha mkono akalinyakua, na Odanise akampiga mkono ule likaanguka.

"Unataka kuvunja mwiko uniachie kaburi?"

Saintilus akalia, mtu mzima yule. Odanise naye akalia, huku amemshika mikono yote miwili asije akaliokota. Nani angemwambia vingine? Majirani wote walioonyeshwa karatasi walisema ndivyo, sahani imekatazwa.

Jumapili akaja Tatin, binamu yake Odanise, anayefanya kazi za ndani mjini na anajua kusoma Kihispania. Alimwona Saintilus kitandani, akaguta.

"Dada, huyu umemfanya nini?"

Odanise akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Tatin akasoma maneno madogo chini ya picha.

"Inasema ameze tumbo likiwa tupu. Halafu asubiri kidogo, ale."

"Ale?"

"Ale, dada. Ale ashibe."

"Si wamepiga mstari sahani!"

"Ndivyo wanavyochora."

"Nani? Nani anayechora hivyo? Mwambie aje hapa!" Odanise alipiga kelele.

Akawasha moto. Wali ulipoiva aliuponda ukawa kama uji, akamwinua mumewe kichwa, akamletea kijiko mdomoni. Saintilus akafumba mdomo, akaangalia ukutani.

"Kula, mume wangu."

"Mwiko," alisema.

"Hakuna mwiko. Nilikosea mimi. Nisamehe, kula."

Saintilus akamtazama kwa upole. "Unanihurumia tu," alisema, sauti haisikiki vizuri. "Usinihurumie. Vidonge vimebaki viwili."

Tatin akakimbia kutafuta gari. Odanise akabaki amempakata, akimbembeleza, akimwapia kwa Mungu na kwa mama yake, akimrudishia kijiko tena na tena. Siku zote alizomkataza, Saintilus alikuwa amemwamini, na sasa mdomo ule Odanise hakuweza tena kuufungua.