Mwalimu wa Muleba anayefundisha watoto kumuuliza baba bila kumkosea adabu

Ukungu bado haujaondoka kwenye migomba, lakini darasa la sita limeshachangamka. Mwalimu Annastella Kaijage anainua simu yake yenye kioo kilichopasuka na kuwasikilizisha wanafunzi sauti iliyozagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwanamume asiyejitaja jina anaapa kwamba senene wa msimu huu, panzi wale wa kuliwa, wamepuliziwa sumu, na kwamba watu wamelazwa Bukoba.

Miguno inajaa darasani. Kwa Mhaya, kuwasingizia senene, kitoweo chake cha fahari, si jambo dogo.

"Haya, tumwamini?" anauliza mwalimu.

"Wamelazwa hospitali gani?" anauliza msichana wa dawati la mbele. Mwenzake anataka kujua kwa nini msemaji anaficha jina. Mwingine anasema shangazi yake anauza senene mjini, aulizwe kwanza yeye. Mwalimu anacheka mpaka anatafuta pa kukaa.

Kazi hii anaifanya kila Jumatano kabla ya vipindi, katika shule ya msingi ya kijijini wilayani Muleba. Wanafunzi sabini na wanane husikiliza simu moja, na bando analinunua mwenyewe.

Annastella, mzaliwa wa Kashozi, alianza kwa hasira. Kila Septemba, ikikaribia tarehe ya lile tetemeko la ardhi la mwaka 2016 lililobomoa nyumba nyingi huku, ujumbe uleule hurudi kwenye simu ukiwa umebadilishwa siku tu: linakuja jingine, kubwa zaidi. Wazazi huwazuia watoto nyumbani. "Nilikuwa nafundisha madawati matupu," anasema.

Akawaeleza wanafunzi kwamba hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja saa ya tetemeko. Kisha akawapa swali la kwenda nalo nyumbani: umejuaje? Walilipenda mno. Haukupita muda wazazi wakajaa ofisini kwa mwalimu mkuu, wakiongozwa na Philbert Byarugaba, mkulima wa migomba na kahawa. Binti yake, Alistidia, alikuwa amemkatiza mbele ya wageni kwa swali hilo.

"Nilisema huyu mama anawafundisha watoto wetu kiburi," anakumbuka Byarugaba, wala haoni haya. "Kwetu mtoto hamuulizi baba yake umejuaje. Anaanzia wapi?"

Somo likasimamishwa. Annastella aliumia sana, ingawa anakubali kwamba wazazi walikuwa na hoja. Aliomba nafasi nyingine, akapewa, akaja na namna mpya: mtoto apige magoti, aamkie, amwite baba yake tata kwa Kihaya, kisha aombe kusaidiwa. Tata, nisaidie kuelewa, aliyekuletea habari hii aliiona mwenyewe? Wanafunzi waliigiza baba na mtoto, mpaka baba wa kuigiza akakosa sababu ya kukasirika.

"Shaka ni ileile," anasema Annastella. "Nimeivisha nguo za nyumbani tu."

Mwaka jana, asubuhi ya mtihani wa darasa la saba, ujumbe ulienea kijiji kizima: tetemeko saa nne kamili, watoeni watoto kwenye majengo. Wazazi walijazana langoni, Byarugaba mbele yao, amekuja kumchukua Alistidia. Mtoto akiondoka, mtihani umempita, na miaka yake yote ya shule imeishia hapo.

Tusimcheke baba huyu. Mwaka 2016 nyumba yake ilimwangukia mama yake, na hadi leo bibi huyo anatembelea mkongojo. Annastella hakutaka kubishana naye. "Hofu yake ilikuwa ya kweli," anasema. "Mimi ningemwambia nini?"

Alistidia alitoka kwenye mstari, akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, akamwita baba yake waitu, neno la heshima la Kihaya.

"Shikamoo tata. Waitu, nisaidie kuelewa. Habari hii umeipata kwa nani?"

"Kwa baba yako mdogo Karugendo, yule wa Buhembe."

"Na yeye sasa hivi yuko wapi?"

Byarugaba alipiga simu, akaongeza sauti ili wote wasikie. Karugendo alipokea bila wasiwasi wowote. Alikuwa kazini mjini Bukoba, ghorofa ya tatu, anakunywa chai.

"Ghorofa ya tatu? Nawe unaniambia nimtoe mtoto darasani?"

"Mimi nilitumiwa tu, kaka. Nikaona nisambaze, huwezi kujua."

"Wewe mwenyewe umeshuka?"

Mama mmoja pale langoni akaanza kucheka, na kicheko kikawashika wengine wote. Byarugaba akamwinua binti yake, akamkung'uta nyasi magotini.

"Nenda kaandike," alimwambia. "Mimi nakaa hapa hapa mpaka umalize."

Akakaa kweli. Saa nne ilipita, ardhi imetulia, na hakuna mtahiniwa hata mmoja aliyekosa mtihani. Alistidia sasa yuko kidato cha kwanza. Annastella akisimulia haya, furaha inamjaa usoni, wala hajaribu kuificha.

Kwenye kikao cha wazazi cha mwaka huu, Byarugaba ndiye aliyesimama kuomba watu wazima nao wafundishwe. Wataanza Jumapili ijayo, baada ya misa na ibada, na Karugendo ameagizwa aje bila kukosa. Baadaye Annastella anatamani kulipeleka somo hilo Kemondo, na nyumbani kwao Kashozi.

"Ule ujumbe naujua, Septemba utakuja tena," anasema. "Safari hii nataka ufie kwenye simu ya kwanza."