Mizu, Neno la Mferejini

Asubuhi ile tulikuwa tunapandikiza miche ya mpunga, tope magotini, kama kila msimu. Mji wetu huko Kongo ulikuwa wa mihogo mpaka zilipokuja familia chache za Wajapani, wakachimba mifereji na kutufundisha kugawana maji. Nikisimulia haya hapa Nateete, Kampala, watu wananicheka.

"Mama, hapana danganya sisi," jirani yangu aliniambia juzi. "Japani na Kongo, wapi na wapi?"

Nimechoka kubishana. Walikuwepo. Walizaa kwetu na kuzika kwetu.

Mwenye shamba la juu akishamaliza kumwagilia, alikuita wewe wa chini: "Mizu!" Nawe ukafungua lango lako. Neno lilikuwa lao, lakini tulilizoea hata watoto wakawa wanaitana hivyo wakipokezana bembea.

Siku hiyo mume wangu, Mugisho, alisimama juu ya tuta akaita, "Mizu!" Wanajeshi walikuwa wanapita barabarani. Hatukuwaona.

Walimkamata palepale. Walisema anampa adui ishara.

Mama Haruko, mzee wa mwisho wa Wajapani wale, alitoka shambani na tope lake akamfuata kamanda.

"Anaita watu ya mayi tu," alimwambia. "Mizu njo mayi," yaani ndiyo maji, kwa lugha yao.

Kamanda hakuwa mjinga. Alitutenganisha, kila mtu na askari wake, kisha akaja kwangu.

"Mizu njo nini?"

"Njo zamu, mukubwa."

Mwenzetu wa shamba la chini alijibu kwamba ni kufungua. Mugisho alijibu nini, sijui mpaka leo.

Kamanda akatabasamu. Neno moja, kila mtu na maana yake.

Wakampeleka Mugisho nyuma ya ghala.

Tulisikia risasi.

Jambo hili nalirudia kichwani hadi sasa, kwa sababu hakuna aliyesema uongo. Ningejibu "mayi" pengine angepona, lakini sisi maji tuliyaita mayi. Mizu ilikuwa zamu yako imefika. Nani angeketi kumweleza hayo mtu mwenye bunduki?

Tulipokuwa njiani kukimbilia Uganda, Mama Haruko aliniuliza kwa nini nilisema zamu. Nikamwambia ndiyo maana yake, siku zote. Alisimama katikati ya barabara na mzigo wake mgongoni. Miaka yote ile alitusikia tukiitana, akidhani tunasema maji.