Nilimfukuza mchambuaji bora wa kahawa kwa sababu ya ubao wa nyota nilioubuni mwenyewe

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nawaandikia kutoka huku Karagwe, na kisa hiki ni changu mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Mtu akidanganya huwa anajipendelea, na mimi humu sijajipendelea hata mstari mmoja.

Huu uzi nimeufuta na kuuandika upya mara sita. Ndivyo nilivyo. Nikituma meseji ikatoka na herufi moja iliyokosewa, tumbo linaniuma mpaka jioni. Mkumbuke hilo, maana ndiko balaa lote lilikoanzia.

Nina miaka ishirini na sita, kwetu ni Kiruruma. Chuo sijafika. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani, mchana nahudumia migomba ya mzee, muda mwingine nasoma kwenye simu. Nilisoma mambo ya usimamizi: motivation, target, KPI yaani vipimo vya kazi, namna ya kuwafanya watu wajitume. Nilijaza madaftari matatu kwa mwandiko mzuri sana. Ukurasa ukiharibika nauchana, naanza upya.

Kwa madaftari hayo nilijiona meneja kabisa.

Msimu uliopita nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa. Jina la kiwanda sitaji, na mwenyewe nitamwita Bosi tu. Kazi yangu ilikuwa kusimamia wachambuaji.

Kwa msioijua hii kazi: kahawa ikishakobolewa, bado ina punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Wanawake wanakaa kwenye mikeka, kila mmoja ana ungo mapajani na ndoo pembeni. Punje nzuri inabaki kwenye ungo. Mbaya inakwenda kwenye ndoo ya takataka. Ni kazi ya macho na vidole, kutwa nzima.

Walikuwa kumi na wanne. Waliniita Karani, wengine kwa heshima, wengine kwa kunikejeli.

Wiki ya tatu mzigo wetu ulirudishwa kutoka Bukoba. Mnunuzi alisema una punje mbovu nyingi. Bosi alinifokea mbele ya wote, akaniambia nitafute dawa au nirudi kwa baba yangu.

Nikaenda kwenye madaftari yangu.

Nikatengeneza ubao. Kila mchana nilipita kwa kila mama, nikachota kiganja kimoja kutoka kwenye ungo wake, nikahesabu. Ukikutwa huna punje mbovu hata moja, unapata nyota. Ukikutwa nazo, jina lako linaandikwa kwa chaki nyekundu. Ijumaa, mwenye nyota nyingi anapewa kitenge. Na anayeshika mkia wiki tatu mfululizo anapumzishwa.

Hiyo sheria ya kupumzishwa hakuna aliyenituma niiweke. Niliiweka mwenyewe, kwa sababu nilisoma mahali kwamba zawadi bila adhabu haina nguvu.

Wakuu, kile kitu kilifanya kazi kama uchawi.

Ndani ya siku kumi kahawa ilikuwa inang'aa. Stori za kwenye mikeka zikakoma. Kazi ikaenda mbio. Mama mmoja anaitwa Dafroza alichukua kitenge mara mbili mfululizo, akaja kazini amekivaa, wenzake wakamwita Mke wa Waziri. Bosi akawa anawaleta wageni waone ubao. Mimi nikaupiga picha nikaiweka profile.

Mzigo uliofuata Bukoba walisifia.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Bweranyange, Mama Byera. Umri kama wa mama yangu mzazi. Alikuwa mchambuaji wa siku nyingi kuliko wote, tangu kiwanda hakijawa na paa zima. Na kila siku jina lake lilikuwa jekundu.

Nikichota kwenye ungo wake, nakuta punje mbovu mbili. Kesho tatu. Kesho kutwa moja. Hazikukosekana hata siku moja.

Mimi na wasiwasi wangu, ile moja ilikuwa inanikera kuliko kiganja kizima cha uchafu. Nilimwambia, "Mama, tatizo ni macho? Tukutafutie miwani?"

Akanijibu taratibu, "Karani, macho ninayo. Kila siku unaangalia ungo. Hebu siku moja angalia na huku chini."

Akaonyesha ndoo kwa kidole cha mguu.

Dafroza akacheka, "Mama Byera anataka nyota za kwenye ndoo!" Mkeka mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Nilidhani anajitetea. Nilicheka, wakuu. Hiyo sehemu kila nikiirudia nasikia joto masikioni.

Wiki ya tatu ikaisha, akawa mkiani tena. Nikaandika barua ya kumpumzisha. Niliiandika vizuri, bila kosa hata moja. Akaipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa, akafunga ungo wake kwenye khanga, akasema kwa adabu ya kwetu, "Waitu, asante." Akaondoka.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba nilijua hali yake. Shamba lake analo, lakini kahawa yake alikuwa ameshaiuza ingali maua. Huku tunaita butura: ukibanwa na shida, mtu anakupa fedha kidogo miti ikiwa na maua, halafu mavuno yote yanakuwa yake. Mumewe alifanyiwa upasuaji, hakuwa na namna. Kwa hiyo mpaka msimu mwingine, chungu chake kilikuwa kinategemea ule ungo.

Nilijua, na bado nikasaini.

Zikapita wiki mbili hivi. Siku hiyo akaja jamaa mmoja wa Kamuli, Kyerwa, mwenye pikapu. Yeye ndiye anayenunua takataka zetu. Siku zote huja mara moja kwa mwezi akiwa amenuna. Safari hii ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi, na alikuwa anapiga mluzi.

Akanipiga bega. "Karani, takataka zenu siku hizi tamu sana. Msibadilishe kitu!"

Nikauliza tamu kivipi.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Wewe fanya kazi yako bwana. Mimi mwenzio nachambua upya nyumbani, mke wangu ameanza kuniita mheshimiwa."

Akawasha gari akaenda.

Nikaenda nyuma ya stoo. Kulikuwa na gunia moja la takataka ambalo halikuenea kwenye pikapu. Nikalifungua. Nikamwaga kiasi kwenye ungo, nikakaa chini kama wanavyokaa akina mama, nikaanza kuchambua.

Nzuri. Nzuri. Nyeusi. Nzuri. Nzuri. Hii ina doa dogo lakini ni nzima. Nzuri.

Karibu nusu ya ule ungo ilikuwa kahawa safi kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nawapa nyota kwa kutokuwa na punje mbovu. Hakuna mahali nilipowapa chochote kwa kuokoa punje nzuri. Sasa wewe ni mama, una ungo, una Karani anayekuja na chaki nyekundu. Ukitilia shaka punje, utafanya nini? Utaitupa. Ukiona sehemu ina nyeusi tatu, utazichagua moja moja? Utasukuma kiganja kizima kwenye ndoo, umalize, upate nyota yako.

Mama Byera alikuwa anachagua moja moja. Ndiyo maana alikuwa mwepesi wa kupitiwa na mbili tatu, na ndoo yake ilikuwa haijai.

Aliyekuwa anafanya kazi ya kweli ni mmoja, na huyo ndiye niliyemfukuza.

Nikaenda kwa Bosi na ule ungo mkononi. Nilitegemea atashtuka. Kweli alishtuka, akasimama, akapiga meza. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo kinanichemsha damu.

"Hawa wanawake wananihujumu! Nipe majina. Huyo Dafroza awe wa kwanza kuondoka."

Hebu oneni hapo. Tumemfukuza wa mwisho kwa sababu ni mwaminifu. Sasa tunamfukuza wa kwanza kwa sababu ametii. Yule mama alifanya kile kile tulichomvalisha kitenge akifanye! Tulimpigia makofi! Bosi mwenyewe alipiga naye picha!

Na hii tabia nimeiona kila mahali. Mwenye mali anaweka kipimo cha kijinga, watu wanakifuata, mambo yanaharibika, halafu wanaitwa wezi, wavivu, watu wa huku hawana akili. Kipimo hakiguswi. Aliyekiweka haguswi. Anayelaumiwa ni aliyekaa kwenye mkeka.

Mimi ni mtu muoga. Nikisimama mbele ya mkubwa sauti inapanda kama ya mtoto. Ilipanda hata siku hiyo. Lakini nilimwambia, "Bosi, ubao ni wangu. Ukianza kufukuza, anza na mimi."

Akarudi kuketi. "Msomi wa simu," akasema. "Haya ndiyo mliyofundishwa humo kwenye simu?"

Nikasema ndiyo, na nimeyaelewa vibaya.

Hakunifukuza. Msije mkadhani ni huruma. Msimu ulikuwa umepamba moto na hakuwa na mtu mwingine. Alisema, "Fanya unavyojua. Huyo Mama Byera akirudi asiniletee maneno." Basi. Neno la pole hakulitoa, na hajalitoa hadi leo.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Bweranyange. Nikamkuta Mama Byera nje anamenya ndizi, mumewe amekaa kwenye kigoda karibu yake, mkono tumboni pale alipopasuliwa.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Tata."

"Marahaba. Karani, umeniletea nyota?"

Mumewe akacheka, akajishika mshono.

Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye karatasi. Niliyasahau yote. Nikasema tu kwamba niliangalia huku chini, nimeona, nimekosa, naomba anisamehe na arudi.

Hakuacha kumenya. Akasema, "Sasa mbona unaniomba msamaha huku migombani? Jina langu uliliandika jekundu huku migombani?"

Akatupa ganda la ndizi pembeni.

"Nenda ukayaseme pale ulipoyaandika. Wakinicheka tena nitajua umesema vibaya. Wakinyamaza, nitakuja."

Jumatatu asubuhi nikasimama mbele ya ubao. Akina mama kumi na watatu wananitazama. Nikawaambia ubao ulikuwa wa kijinga na mjinga aliyeuweka ni mimi. Nikawaambia Mama Byera alikuwa anachambua sawa kuliko wote, aliniambia ukweli mbele yenu, nikamcheka. Na nikawaambia hakuna atakayefukuzwa kwa kutupa kahawa, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kuitupa.

Halafu nikafuta ubao kwa mkono. Chaki nyekundu ikanijaa kwenye shati.

Hakuna aliyecheka. Dafroza alikuwa amevaa kitenge chake. Akasema kwa sauti ndogo, "Karani, sisi tulijua. Kahawa tunalima wenyewe, unadhani roho haiumi kuitupa? Lakini nani alitaka kuwa mwekundu?"

Hiyo ilinimaliza kabisa.

Alhamisi Mama Byera akaja. Akaamkiwa na wote, akakunjua khanga yake, akatoa ungo, akakaa mahali pake pa siku zote. Mchana nikapita kukagua. Kwa mazoea nikanyoosha kiganja kuchota kwenye ungo wake.

Akaufunika ungo kwa mikono miwili.

Akaisogeza ndoo kwa mguu mpaka ikagusa kiatu changu. "Anza na hii."

Nikachuchumaa nikaanza na ndoo. Kila siku tangu hapo naanza na ndoo, kisha ungo, kwa kila mtu. Kitenge hakipo tena. Kahawa yetu sasa inakutwa na punje mbovu moja mbili kwenye kiganja, na tumbo bado linaniuma nikiziona. Navumilia. Jamaa wa Kamuli amerudi kununa.

Nilichojifunza, wakuu: watu hawafanyi unachokitaka moyoni. Wanafanya kile unachokipima na kukitolea zawadi, na wanakifanya kwa bidii kuliko ulivyotegemea. Kama matokeo ni mabaya, kabla hujamwita mtu mwizi, rudi ukaangalie ulimwekea nini mbele yake na ulimtishia kwa kitu gani.

Na ukimpa mtu aibu hadharani, usimpelekee msamaha chochoroni.

Sasa na nyie. Kazini kwenu, ndoo iko wapi, na nani aliwahi kuwaonyesha mkadhani anajitetea? Wenye viwanda mliomo humu nataka niwasikie nyie zaidi. Na anayetaka kunitukana anitukane, sehemu ya kuandikia iko hapo chini. Nimeshayasema magumu kuliko hayo mbele ya akina mama kumi na watatu.