Mwamkie, Tuone
Nimefungua mfuko wa karanga mbichi, vumbi lake jekundu likanipanda puani, na papo hapo nikamwona bibi yetu wa Chamwino akimenya karanga ubavuni pangu, mimi bado mtoto, nikicheza mchezo wa mtandaoni kwenye simu ya mama.

Humo mchezoni nilikuwa na rafiki. Sikuwahi kumwona, ila aliniandikia kwamba yuko darasa la nne kama mimi. Siku hiyo akauliza nyumbani nipo na nani, nami nikausoma ujumbe kwa sauti.

"Ni nani huyo?" bibi akataka kujua.

Nikamweleza.

"Mwamkie."

"Bibi, ni mtoto mwenzangu!"

"Wewe mwamkie tu, tuone."

Nikaandika shikamoo huku nikicheka, nikingoja naye anicheke. Jibu likaja upesi: "Marahaba, mtoto mzuri."

Bibi alitaka nimsomee tena. Kisha akaichukua simu taratibu, akaifunika kwa ungo, akanivuta karibu yake tumenye wote.

Sasa chumba cha pili mwanangu anacheka, kuna mtu anamwandikia kwenye mchezo. Nimemwita aje na simu.

"Hebu mwamkie," nimemwambia.

Tunakitazama kioo, sote wawili.