Waya Mwekundu wa Lori la Kijiji

Rafiki yangu, ningepewa nafasi ya kurudisha jibu moja tu katika maisha yangu, ningerudisha lile nililompa mwenyekiti wa kijiji asubuhi moja ya msimu wa korosho. Aliuliza ni nani anayeweza kutafuta mahali umeme wa lori unapovujia. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, aliinama kukagua matairi. Mimi, wa darasa la saba, nikadakia, "Naweza!" Mwenyekiti akacheka, akaahidi kwamba atakayepaona atakaa kiti cha mbele mpaka Mtwara mjini.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Ziwani mkoani Mtwara, kilikuwa na lori moja kuukuu, na betri yake ilikuwa ikifa kila usiku. Kila alfajiri iligongwa rimu ya gurudumu iliyoning'inizwa ofisini kama kengele, tukatoka wote kulisukuma. Raha iliyoje! Mkono mmoja muhogo wa kuchoma, mwingine bodi la lori, kina mama wakiimba, harufu ya mabibo yaliyochacha ikitujaa puani. Likikohoa na kutema moshi, tulishangilia kana kwamba tumefunga goli.

Mwenyekiti hakushangilia. Ghala lilikuwa limejaa magunia na mvua ilikuwa jirani. Alikwisha kusema wazi: chanzo kisipopatikana, ufunguo wa lori atapewa dereva mwingine. Kwa hiyo nilijiona namwokoa mjomba. Kiti cha mbele nacho nilikitaka, siwezi kuficha.

Asubuhi hiyo ya jibu langu mwenyekiti alifika kwenye lori kabla ya mjomba, na hakutaka lisukumwe kwanza. Nikaanza kazi kwa ujanja alionifundisha mjomba mwenyewe: unafungua waya mmoja wa betri, unaweka balbu ndogo kati ya waya na betri. Ikiwa kila kitu kimezimwa, balbu haina ruhusa ya kuwaka. Ikiwaka, kuna mwizi wa umeme.

Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, mwanga wa balbu hauonekani. Bibi yangu akavua kanga ya mabegani. "Funikeni, nami nimwone huyo mwizi!" Kina mama wengine wakaongeza zao, tukajibanza chini yake, vichwa vikigongana, tukinuka jasho na mafuta ya nazi.

"Inawaka!" nikasema.

"Haiwaki. Njaa hiyo, inakuonyesha nyota."

"Inawaka, bibi! Tazama hapa!"

Ilikuwa nyekundu, hafifu, kama ncha ya sigara. Kelele zilizopigwa zilitimua kuku wa kijiji kizima. Nikachomoa fyuzi moja, watu wakauliza, "Imezima?" Nikajibu, "Bado!" Nyingine, bado. Zikaisha zote, na balbu ikawaka vilevile. Basi mwizi alikuwa ameingilia kati ya betri na fyuzi! Nikapapasa nyaya, zote nyeusi kwa grisi, mpaka nikagusa mmoja safi, mwekundu.

"Mpwa wangu," mjomba alisema taratibu, "betri imezeeka tu. Acha, ukale."

Nilimsikia. Nilidhani anaona haya kushindwa na mtoto.

Waya ulishuka kwenye chesisi, chini ya lori, ukazama mchangani. Tukauvuta kama tunang'oa viazi, nao ukawa unaruka kutoka ardhini mbele yetu, ukipita chini ya makopa ya muhogo yaliyoanikwa, ukizunguka banda la kuku, watoto wakiukimbiza na kupiga vigelegele. Mimi nilikuwa wa kwanza kuingia mlangoni ulipoishia.

Ilikuwa nyumba ya jirani yetu, mama aliyevuka mto Ruvuma akikimbia vita Msumbiji, yule aliyezoea kuniwekea ukoko wa wali wa nazi. Chini ya kitanda palikuwa na redio iliyotolewa kwenye gari bovu, imezungushiwa kitenge, ikinong'ona Kireno.

"Siizimi," alisema bila kunitazama. "Mwanangu yuko vitani. Wakitaja habari za huko aliko, nisipitwe."

Mawe ya redio, zile betri ndogo, yalikuwa hayapatikani dukani. Nyuma yangu mjomba akasema, "Waya niliuweka mimi. Kila jioni nauunganisha, alfajiri nauchomoa. Leo nimechelewa."

Hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti alinyoosha mkono, mjomba akaweka ufunguo kiganjani mwake.

Lori likawaka kila asubuhi bila kusukumwa. Rimu haikugongwa tena, nyimbo zile za alfajiri zikaisha, na sijui kama yupo leo anayezikumbuka.

Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto; ndiye anayekusemea unapooa, ndiye unayemkimbilia dunia ikikushinda. Wangu alivuka Ruvuma pale Kilambo, akaingia Msumbiji pamoja na yule mama kabla ya mvua kuanza. Nilipooa nilisemewa na mtu baki. Sikumwona tena mjomba wangu, mpaka nilipoletewa habari kwamba amekwisha kuzikwa.