Kipimo cha Katikati

Kwanza niliweke sawa hili: mume wangu hakuwahi kuonja pombe. Wanaosema kwamba milango ya kabati la mke wa mfamasia iliharibiwa na chupa wanamsingizia marehemu, na baadhi yao wana makabati yake vyumbani hadi leo, yanafunga vizuri kuliko midomo yao.

Watu walimwita Nyuzi Tisini, kwa kuwa kona isiyo sawa ilimnyima raha. Akikaribishwa mahali, kabla hajaketi alishapitisha kiganja kwenye ukingo wa meza. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kabati la milango ya kusukuma pembeni kwenye reli. "Chumba kikiwa chembamba," aliwaambia wateja, "usiweke milango ya kufunguka nje. Utakuwa unapanda kitandani kila ukitaka shati." Kwenye matunzo ndiyo alikuwa mkali. "Reli ifagie kwa brashi kavu kila wiki. Mafuta ya kupikia hapana, mama! Yanashika vumbi, linakuwa gundi. Hiyo ni reli, si kikaango."

Kilichomwangusha ni macho. Presha ya macho ilianza kumla uoni wa pembeni, akawa anagonga miimo ya milango ya nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo maneno ya ulevi yalipoanzia. Kisha ile mistari midogo ya futi ya kupimia ikampotea. Asubuhi moja nilimkuta karakanani ameibandika futi puani, jasho linamtoka.

"Mwalimu," aliniambia. Hata nyumbani aliniita hivyo, maana nilifundisha hesabu miaka ishirini na sita. "Wakijua, nimekwisha. Nani atamkabidhi kipofu mbao zake? Na bila kazi, mimi ni nani humu ndani?"

Tukakubaliana: mimi nisome, yeye akate. Nilikwaruza alama kwenye mbao kwa msumari, ndani kabisa, ili kidole chake kiipate. Miezi minane hakuna aliyegundua. Majirani walinitania, "Mwalimu, umekuwa saidia fundi siku hizi? Au unamchunga mzee asitoroke?" Nikacheka nao.

Ndipo mke wa mfamasia akataka milango miwili ya kioo kwa kabati lake la ukutani, toka sakafuni hadi juu. Tukiwa njiani kwenda kupima, mume wangu alinionya. "Kioo hakipigwi randa, kikizidi kimezidi. Kimo ukipime mara tatu, kushoto, katikati na kulia, tuchukue kilicho kidogo. Linta, ile boriti ya juu ya uwazi, huwa inalegea katikati."

Kitanda cha mbao nzito kilijaza chumba, na kilisukumwa hadi kwenye uwazi wa kabati. Mke wa mfamasia alikwenda kuleta chai. Mama mkwe wake aliketi mlangoni, ametukodolea macho. Nilipima kushoto, nikapima kulia. Ili nifike katikati ilinibidi nivue viatu, nikunje sketi, nipande kitanda cha wanandoa wa watu, mimi niliyefundisha nusu ya wanawake wa mtaa ule.

"Katikati?" mume wangu aliuliza kwa sauti ya chini, amejifanya anaandika.

"Sawasawa na kulia," nilimjibu. Sikupima.

Siku ya kufunga milango, kitanda kilikuwa kimetolewa nje. Mlango wa kwanza uliingia kwenye reli, ukateleza, ukafika katikati ukakwama. Akausukuma taratibu. Ukakataa. Akaniambia niushike, kisha akainua mkono, akapapasa linta kuanzia kushoto. Katikati kiganja kikasimama. Ilikuwa imeshuka unene wa kidole changu kidogo. Aligeuza uso kuelekea nilipokuwa.

"Imekuwaje, fundi?" mama mkwe aliuliza. "Au ulipitia mahali kwanza? Maana tangu getini nakuona unayumba."

Nilifungua mdomo. Akaniwahi. "Nilikosea kupima, mama. Ni mimi."

"Si mwalimu alikuwa anakusaidia?" mke wa mfamasia aliuliza, akinitazama mimi.

"Mwalimu alishika ncha ya futi tu."

Nikaendelea kuushikilia mlango. Nilijiambia kuwa nikikiri nimepima mimi, wataniuliza kwa nini fundi hapimi mwenyewe, na siri yake itatoka. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile. Haijanisaidia hata mara moja.

Vioo havikuweza kupunguzwa, na habari zilizunguka mtaa mzima kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyekuja tena kuagiza kitu. Kila asubuhi alivaa aproni, akaenda karakanani, akapapasa mbao zilezile, akarudi adhuhuri bila chembe ya vumbi la msumeno mwilini. Nilimwomba akae nyumbani. Alisema, "Nikae nifanye nini, Mwalimu?" Alifariki kabla mwaka haujaisha. Daktari aliandika ni moyo.

Kwa hiyo anayetaka kumtaja aliyeharibu milango ile, anitaje mimi. Kipimo cha katikati hakikuchukuliwa, na wa kukichukua nilikuwa mimi.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, haachi kuniuliza kaka yake aliniambia nini siku ile ya milango, tulipokuwa tunarudi na vyombo vyetu vya kazi. Ni kweli, alisema. Alianza kusema tulipotoka getini, akamaliza tulipofika kwetu. Aliniambia mimi. Siandiki, wala sitamwambia mtu, na naomba nisiulizwe tena.