Mgeni Aliyeuliza Kama Paka Amekojoa

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha tuzungumze. Haya sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, kibarazani kwangu, Buyenzi, hapa Bujumbura, miaka ile uhuru bado mpya na sisi mafundi wa garaji hatupumui kwa magari mabovu waliyotuachia Wazungu. Sikuwa nimelewa. Mimi sinywi, na mtaa mzima unajua.

Nilikuwa nimeoa mjane. Mke wangu Zaituni nilimtoa Uvira, ng'ambo ya mpaka, akaingia kwangu na sanduku, mkeka na paka dume wa kijivu aitwaye Pasha. Sanduku na mkeka sikuwa na neno navyo. Lakini paka yule alikuwa wa marehemu mume wake wa kwanza, na marehemu huyo nilimwonea wivu kuliko mwanamume yeyote aliye hai. Aliye hai unaweza kumtukana. Aliyekufa utamfanya nini, naye kila mwaka anazidi kuwa mzuri? Sikuwahi kuuliza alikuwa na sura gani wala alifanya kazi gani. Sikutaka kujua.

Tena Pasha alikuwa na ugonjwa wa mkojo. Njia yake ilikuwa ikiziba. Zaituni alimwekea karai la majivu nyuma ya jiko, na kila alfajiri, kabla hajaniamkia mimi mumewe, alikwenda kuyachungulia. Akikuta yameshikana donge kubwa, anarudi anaimba. Akikuta matone tu, siku hiyo hata chai yangu inakosa sukari. Niamini, nimewahi kuamka natetemeka kwa malaria na bado swali la kwanza likawa juu ya mkojo wa paka.

Ikafika hitma ya marehemu, kisomo cha kumwombea. Ndugu zake wakamwita Zaituni Uvira, naye akaniomba ruhusa. Mdomo wangu ulisema nenda, moyo ulisema thubutu.

"Bwana, uangalie ile majivu," aliniusia. "Akienda mara na mara na akuna kitu, akilia wakati anachuchumaa, akijilamba sana kule chini, usingoje. Paka dume akiziba, anakufa mbio."

Nikaitikia. Akili yangu ilikuwa kwa wanaume watakaomkaribisha kule.

Kesho yake magharibi nimerudi kutoka garaji, nikamkuta Pasha amechuchumaa kwenye karai, mgongo umepinda, anajikamua. Majivu makavu. Alitoka, akazunguka, akarudi tena, akatoa mlio mdogo. Nikajiambia anamkosa bibi yake tu. Nikamtupia dagaa kavu, akainusa akaiacha.

Nilipogeuka, mwanamume alikuwa ameketi kibarazani. Lango sikulisikia. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, na kidoleni alivaa tondoo ya chuma, ile kofia ya kidole ya kushonea. Hakunitazama mimi. Alimtazama paka.

"Pasha amekojoa?"

Sasa ndugu yangu, jiulize. Mke wako hayupo, na mwanamume usiyemjua anajua jina la paka wake, anajua na ugonjwa wake. Ungefikiri nini? Nami nilifikiri hivyo hivyo. Ameingia humu mara ngapi nikiwa nimelala chini ya magari ya watu? Damu ilinichemka.

Lakini mama yangu alinilea kwamba mgeni haulizwi jina wala shida kabla hajanywa kitu. Kwetu kumhoji mgeni mkavu ni aibu itakayokufuata msikitini. Basi na wivu wangu wote nikaingia ndani, nikamimina kahawa, nikamwekea mbele yake. Nilipanga anywe, nimuulize jina, halafu nimtoe nje kwa kola. Hakunywa. Kahawa ikapoa, mimi nawaka.

"Karibu kahawa, ndugu," nilimhimiza.

"Mi sinywi tena ivi vitu," alisema, sauti ya upole. "Ajakojoa tangu jana. Tumbo imekuwa nguvu. Na we unamupa ndagala kavu. Anapashwa kula samaki ya kuchemsha, na maji mingi."

Pasha, ambaye hajawahi kunikalia mapajani hata siku moja, alikuwa amekwisha kumlalia mtu yule. Mgeni akambonyeza tumbo taratibu kwa kidole chenye tondoo, na paka hakulia. Mke, haya. Na paka pia?

"Nitamupeleka Pasha, apumuzike," alisema. "Zaituni nitamurudilia."

"We autoki apa na kitu," nilimwambia. "Paka ni ya mu nyumba yangu, na uyo bibi ni wa mu nyumba yangu."

Nikampokonya paka. Mkono wake uligusa wangu, ukawa wa baridi ya mtungi, lakini mwenye hasira anahisi nini? Nilimfunga Pasha kwenye koti langu la kazi, nikapanda baiskeli hadi upande wa Buterere, kwa daktari aliyekuwa akitibu ng'ombe. Usidhani ni huruma. Nilikuwa sitaki mwanamume mwingine aje kusema ndiye aliyemponya paka wa mke wangu. Daktari alimpitishia mrija mwembamba, mkojo ukatoka na damu na chenga za mchanga. Alisema ningengoja asubuhi ningezika. Niliporudi, mgeni hayupo, kikombe kimejaa vile vile.

Zaituni alipofika nilikuwa namngoja mlangoni na kesi yangu. Nikamweleza yote: shati, tondoo, jinsi alivyobonyeza tumbo. Nilitaka aogope. Aliweka furushi chini, akakaa.

"Ilikuwa magharibi?"

"Ndiyo."

"Ile saa tulikuwa tunamusomea," alisema. "Idi, bwana yangu wa kwanza, alikuwa fundi wa nguo. Tulimuzika na ile tondoo, ilikatala kutoka ku kidole."

Nilikuwa nimemkaribisha kahawa mtu ambaye, saa ile ile, ng'ambo kule walikuwa wanamwombea. Nilidhani Zaituni atalia, au atanishukuru kwa ajili ya Pasha. Alinishika mkono, akanitazama kwa macho ambayo tangu nimuoe sikuwahi kuyaona.

"Alikuwa amekonda?" aliuliza. "Aliniulizia?"

Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikamwambia neno kwa neno alilosema, kwamba atarudi kumchukua yeye.

Pasha aliishi miaka mingi. Majivu niliyachungulia mimi, samaki nilimchemshia mimi, kwa kuwa Zaituni hakuwa tena na habari naye. Mpaka leo kila magharibi huvaa kanga yake nzuri, hujipaka wanja, huketi kibarazani akitazama njia, na hanijibu neno mpaka waadhini isha. Nami huketi ubavuni pake, nimembana ili pasibaki nafasi ya mtu mwingine. Majirani wanasema tunapendana sana.

Basi wewe uliyeoa mjane, nisikilize. Marehemu wake akikujia, pigana naye ukiweza. Ila ukishamaliza, funga mdomo. Mimi paka nilimpokonya kwa mikono miwili, na mke nikampa kwa mdomo wangu mwenyewe.